Alama Nyekundu

Mto wa kulalia haunidanganyi. Unaukunja katikati, unaubana, unahesabu hadi tano, kisha unauachia. Ukifunguka wenyewe, bado mzima. Ukibaki umejikunyata, umekwisha. Nimetandika vitanda vya nyumba ya wageni kwa miaka kumi na miwili, na mto unaoshindwa mtihani wangu naupiga alama ya X kwa kalamu nyekundu, hauoni tena kichwa cha mgeni.

Wa mama ulikuwa umeshindwa zamani. Ulikuwa na mabonde, ukiugusa tu unatoa vumbi, na mama ana pumu. Daktari alishasema vitu vya vumbi vitoke chumbani. Kila nilipogusia, mama aliukumbatia.

"Huu hautoki. Labda nitoke mimi kwanza."

Mbishi yule, acha tu.

Jumamosi asubuhi, siku yangu ya mapumziko, mama alipoingia kuoga nikasema liwalo na liwe. Nikaubeba mto pamoja na foronya yake, nikaweka mpya, na mzoa taka alipopita na mkokoteni nikamrushia. Nikarudi ndani najiona mshindi.

Mama alitoka bafuni akihema. Mvuke humbana siku nyingine; hukaa kitandani, huvuta pampu yake ya pumu mara mbili, yakaisha. Alikaa, akapeleka mkono nyuma bila kutazama. Mkono ukapapasa, ukapapasa tena.

"Mto wangu uko wapi?"

"Mama, nimekununulia mpya, ule wa zamani ulikuwa—"

"Pampu." Kifua kilikuwa kinapiga filimbi. "Imo ndani... ya foronya."

Kazini, kabla hujaondoa mto wowote, unaingiza kwanza mkono ndani ya foronya. Wageni huficha humo simu, pete, hata meno ya bandia. Kwa sheria hiyo nimewafokea wenzangu miaka nenda miaka rudi. Kwa mama yangu mzazi sikuikumbuka.

Nikampigia kelele jirani aje akae naye, nikatoka mbio bila viatu. Kwenye kona ya kwanza, hakuna mkokoteni. Ya pili, hakuna. Nilikuwa nasema peke yangu kama kichaa, "Mama usife, mama usife." Nikausikia mlio wa magurudumu nyuma ya duka la vinyozi.

"Kaka, simama! Mto!"

"Dada, taka hazirudishwi," akaanza kunitania, akaniona uso, akainama kufukua pamoja nami. Maganda, majivu, chupa. Mto ulikuwa chini kabisa. Nikaingiza mkono ndani ya foronya, nikaishika pampu, nikakimbia na vyote viwili kifuani.

Midomo ya mama ilikuwa imebadilika rangi. Jirani alikuwa amemshika mabega akimpepea. Nikamwekea pampu mdomoni, nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikaitikisa, nikabonyeza tena, akavuta. Akavuta ya pili. Tukangoja, mimi nikihesabu pumzi zake, hadi ile filimbi ikapungua na mabega yakashuka.

Jirani akaenda kumchemshia maji. Mimi nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto.

Mama aliuvuta mto mapajani. Foronya ilikuwa imefunuka pembeni, na kwenye kitambaa, chini ya madoa ya miaka mingi, niliona X. Wino mwekundu, umefifia. Mkono wangu.

Ndipo nikakumbuka. Mwezi wangu wa kwanza kazini, mito iliyoshindwa ilikuwa inatupwa, nami nikaokota mmoja nikamletea mama.

Mama akaipitishia kidole ile alama, taratibu.

"Uliuchora wewe huu," akasema, sauti bado nyembamba. "Usije ukachanganyika na ya wageni. Nikasema, mwanangu kanichagulia wangu."

Nilifungua mdomo nimwambie.

"Ndiyo, mama," nikasema.