Mpira Wenye Kitambi

Shemeji yangu, mume wa dada, hununua vitu kwa macho. Sofa yao haikupita mlangoni mpaka ilipofunguliwa miguu, na saa yake ya mkononi ni kubwa kama kifuniko cha sufuria, lakini bado anakuuliza saa ngapi. Ni dalali wa nyumba, kazi yake kusifu kuta zenye unyevu. Mtaani tunamwita Picha, kwa kuwa haamini kitu mpaka akione kwenye simu, na akishakiona huko haamini kingine.

Ijumaa mchana aliingia karakanani kwangu na matairi mawili mabegani, kama askari aliyerudi na ngao za adui.

"Fundi, acha hizo baiskeli za watoto. Mfungie dada yako vitu hivi."

Dada yangu ni muuguzi. Kesho yake asubuhi alikuwa na jaribio. Kikosi cha uokoaji cha milimani kilitaka mwendeshaji mmoja, mtu wa kumfikia majeruhi kabla ya machela, kwa baiskeli ya umeme, mkoba wa dawa mgongoni. Nafasi moja, na mwingine asingeipata mpaka huyo achoke. Dada aliitaka tangu siku wapasua mawe walipomleta mwenzao wodini juu ya ubao, akafia mlangoni mikononi mwake. Hakulisimulia sana jambo hilo, ila tangu siku hiyo alianza kupanda mlima kila alipotoka zamu.

"Inchi tatu," Picha alisema, akilipiga tairi kofi. "Jamaa kwenye simu anapita juu ya mawe kama yuko kwenye godoro."

Nililibonyeza ubavuni kwa vidole viwili. Likakunjamana kama shati la kukopa.

"Shemeji, upana lina, ganda halina. Limefumwa jembamba, la baiskeli nyepesi ya kukanyaga kwa miguu. Hii ya dada ina injini na betri, nzito kama mbuzi aliyeshiba. Ukilijaza upepo mwingi lisikunjike, litadunda juu ya mawe. Ukipunguza ili lishike ardhi, jiwe litalibana kwenye rimu na kulikata. Anahitaji ganda nene, mbele na nyuma. Inchi mbili na nusu zinatosha, na matairi yake yapo pale ukutani."

"Ganda nene ni zito."

"Injini ndiyo itakayolibeba. Wewe jasho litakutoka wapi?"

"Na vitairi vyako hivyo dada yako ataonekana anapeleka barua." Alicheka peke yake. "Funga, fundi. Mteja ni mfalme."

Nilifunga. Akachuchumaa na suruali yake ya pasi, akapitisha kidole kati ya tairi la nyuma na fremu.

"Kinapita. Unaona? Kinapita."

"Leo. Tairi jipya likilala na upepo hutanuka. Kesho uje na kidole kingine, chembamba kidogo."

"Maneno yako yana upepo kuliko pampu yako," alisema, akaenda zake.

Nilichukua chaki. Ukuta wa karakana yangu unatazama barabara, na mimi sijaumbwa kunyamaza:

*Mpira una kitambi, ngozi yake karatasi;*
*Jiwe halitaki ombi, utapasuka upesi.*

Kabla jua halijazama, muuza vocha wa ng'ambo ya barabara alikuwa anaiimba, na mafundi viatu wanamwitikia. Picha alipopita kwenda dukani waliitikia kwa sauti zaidi. Nilifurahi kama mtu aliyelipwa.

Dada alikuja jioni, bado na sare ya kazi. Aliusoma ukuta, akaketi juu ya kopo la rangi.

"Mdogo wangu, huyo ni mume wangu."

"Najua. Kila mtu ana msiba wake."

"Amenunua kwa mapenzi."

"Mapenzi hayazuii jiwe, dada."

"Na mashairi je?" Alinitazama mpaka nikaanza kupanga spana zilizokwisha kupangwa. "Ungemwambia kwa upole angesikia. Sasa ameapa mbele ya mtaa mzima kwamba yakifunguliwa matairi yale, yeye ni kichekesho. Tairi umelifunga kwa nati, yeye umemfunga kwa chaki. Nikifungua, namvunja mume. Nisipofungua, nalala chini kesho."

Nilizipanga spana zile upya, safari hii kwa vina.

Asubuhi walikuja wote wawili. Picha alichuchumaa, akaingiza kidole nyuma. Kikagoma. Akajaribu kidole kidogo, nacho kikagoma. Nilizungusha gurudumu, likalia dhidi ya fremu kama paka aliyebanwa mkia.

"Punguza upepo," alisema kwa sauti ndogo.

Nilicheka. Sikucheka kidogo. Dada akaninyang'anya spana na kuanza kufungua gurudumu la nyuma mwenyewe.

"Lete lile la ukutani."

"Yote mawili?"

"Moja. Mlimani gurudumu la nyuma ndilo hupigwa zaidi na mawe, kwa kuwa uzito wangu nauvuta huko. Mbele kuna nafasi, tairi halisugui. La mume wangu litabaki mbele."

"Dada, mbele kiboko nyuma paa? Mnyama gani huyo? Na ganda lile jembamba…"

"Mbele nitakuwa naangalia ninachokanyaga. Nyuma sina macho. Shika hapa, nyamaza."

Picha alishika upande mmoja, mimi upande mwingine. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Kule mlimani, kijana wa kwanza kushuka alikuwa na matairi mawili membamba yenye ganda nene, sawasawa na nilivyotaka mimi. Nilimweleza Picha kwa kirefu. Nilimweleza na mama mmoja ambaye hakuniuliza. Kijana akapita kwenye mawe kama kisu, akafika kwenye kona ya changarawe, tairi la mbele likateleza, naye akakaa chini kama mgeni aliyekaribishwa. Picha alikohoa tu, na kikohozi kile nakikumbuka.

Dada alishuka. Kwenye ngazi ya mawe nilisikia mpira wa nyuma ukigonga rimu, *ko*, sauti ya tairi kukatwa, lakini halikukatika. Kwenye kona ya changarawe tairi la kitambi lilitandaza tumbo lake, likaishika ardhi. Alifika chini hajagusa ardhi kwa mguu, akafungua mkoba na kuanza kumfunga bandeji mtu wa majani aliyelazwa pale kama majeruhi.

Kikosi kilimpa ile nafasi. Picha alizunguka akiwaonyesha watu: "Lile la mbele nilinunua mimi." Nami nilikuwa nyuma yake, mdomo wazi, nikitaka kueleza la nyuma.

Jioni nilikuta chini ya ubeti wangu maandishi ya dada, yale ya daftari la wodini:

*Mmoja alinunua bila kupima, mwingine akapima kwa dharau. Aliyeshuka ni mimi.*

Vina hakuna. Mizani inachechemea kuliko wagonjwa wake. Nilichukua kitambaa nifute, nikafuta mistari yangu, yake nikaiacha. Msidhani nimekubali. Ukuta wangu unahitaji mfano wa mashairi mabovu, ili wapita njia wajifunze.