Nyama ya Babu

…amelitaja, amelitaja kweli, juu ya vichwa vya watu na juu ya kelele za msumeno wa mifupa, "Babu hajambo?", kisha akainamia tena gogo lake kana kwamba hakufanya lolote, nakuja kwako sasa hivi, akasema, ngoja nimalizane na huyu mama, na mimi nimebaki na kikapu mkononi na tabasamu limeniganda usoni, kwa sababu katika maneno yote ya lugha yao ambayo mama mkwe wangu hayajui, mzee wa bucha amechagua lile moja analolijua, jina analomwita mwanawe wa kwanza, mume wangu, tangu siku alipomzaa akampa jina la baba yake mzazi na kuanzia hapo hajamwita vingine, Babu njoo, Babu kula, Babu umelala, na sasa ameniminya kiwiko, nasikia vidole vyake kupitia koti, "Amesema Babu? Anamjua Babu wangu?", nami nimejibu ndiyo mama, anamjua, anamwulizia hali, na huo si uongo, Mungu wangu, hata huo si uongo, ila huyo Babu anayeuliziwa hali ni mbwa.

Na sisi hatuna mbwa, mwenye nyumba haruhusu hata paka, tuna mtoto mmoja na mama na jiko linalowaka upande mmoja, huyu mbwa nilimzaa mwenyewe papa hapa mbele ya kioo hiki, siku niliyoingia mara ya kwanza nikiwa hoi kwa kutafuta, maana nani angeamini, unaishi katika nchi ambayo kondoo ni wengi kuliko watu, nawaona kila asubuhi dirishani mwa basi nikienda kazini, wamejaa vilimani, wanene, wanatafuna majani kwa dharau, lakini nyama yao uitafute huipati, kwenye duka kubwa kuna mapaja yaliyoganda yametoka ng'ambo ya bahari, ya kondoo ambao vilima hivi hawajawahi kuvisikia, na bei yake ni ya kuisoma na kurudisha paja mahali pake, na hawa wa hapa wanapakiwa malori wanakwenda kuliwa na watu wengine huko, nikamwuliza mwenzangu tunayepiga naye pasi mashuka ya hoteli, yeye upande ule wa mashine na mimi upande huu, akasema nenda kwa mfugaji, nikaenda, nikashuka basi nikakanyaga tope hadi getini, mfugaji mwenyewe mtu mpole, akasema yeye huuza mzima au nusu, una gari, una friza, nikamshukuru nikarudi na tope langu, na mama alikuwa ameshakata tiketi ya kuja kwetu, na kwenye simu hakuomba makubwa, alisema baridi yenu nitaivumilia, mradi nipate supu ya kondoo, kondoo mkubwa lakini, jike lililozaa likachoka kuzaa, siyo hivyo vitoto vyenu visivyo na harufu wala mafuta… na hapa ndipo nikaiona, trei ya chini kabisa, karibu na sakafu, shingo na mbavu na kidari, nyekundu iliyoiva, mafuta ya manjano, kondoo wa hapa hapa, mkubwa, watu wa huku hawamtaki, wao wanataka mwana-kondoo na wanataka paja lake, na bei ya trei ile ilikuwa bei ya mtu kama mimi, nikanyoosha kidole, na mzee akauliza, bila ubaya wowote, una mbwa?

Ningesema hapana. Ni neno dogo, nalijua, ni katika maneno ya kwanza niliyojifunza, hapana, ni ya kwetu, tunaila, kwetu shingo ndiyo nyama yenyewe, lakini nyuma yangu alisimama mwanamke mwenye mkoba wa ngozi, akakohoa kile kikohozi cha kukuhimiza, nikasema ndiyo, na mzee akafurahi, anaitwa nani, na asubuhi ile mama alikuwa amepiga simu, Babu yuko wapi, Babu amekula, Babu anavaa soksi huko, jina lilikuwa bado limenikaa mdomoni, likatoka, na tangu hapo kila nikija anauliza, mtu wa watu, hana haraka, ana umri gani, nikasema mtu mzima, rangi gani, nikasema mweusi, hapo angalau sikudanganya, nikaulizwa anashinda anafanya nini, akili ikagoma, nikasema mchana analala, usiku yuko kazini, na mzee akatikisa kichwa kwa heshima, ah, mbwa wa ulinzi, na mume wangu kweli ni mlinzi, analinda ghala la vigae, jioni anaaga na chupa yake ya chai, na kuna siku anafunga kamba za viatu ameinama nikamtazama mgongo nikacheka peke yangu, akauliza unacheka nini, nikasema hamna, nikamletea chupa yake ya chai.

"Ona," mama ananiambia, "hata mbwa wa huku wanavaa makoti," na kweli, nje ya mlango kuna mbwa amefungwa kwenye bomba, ana koti jekundu lenye vifungo, pua ameibandika kwenye kioo, ni wa huyu huyu mama aliye mbele yetu, na mama mkwe anacheka, bega lake linagonga langu, amevaa koti la mwanawe linalomfika miguuni, tangu alfajiri amevaa, nilijaribu kumzuia, nikasema mama kuna baridi, mama foleni ni ndefu, mama mvua inakuja, akasema mimi si sukari, nataka nimwone huyo mtu wa nyama kwa macho yangu, na mimi ningefanyaje, nimkatalie mama mkwe kuja buchani, kwa sababu gani, na nikawa naomba tangu kituo cha basi, naomba mzee awe mgonjwa, ndiyo, nilimwombea mzee wa watu mafua… kwa sababu mama anaisifu nyama hii, ndilo linaloniua, angekuwa analalamika ningepona, lakini anaisifu, anaufyonza uboho wa mfupa amefumba macho, na simu ikipigwa kutoka nyumbani anamwambia dada yake, spika iko wazi mtaa mzima unasikia, kwamba huku analishwa kondoo, tena kondoo wa haja, mke wa Babu hana mkono wa birika hata kidogo, wewe uliyesema ataninyima uko wapi, na mimi niko jikoni nimeinamia sufuria ili mvuke unifunike uso, maana nikijitokeza nitashukuriwa, na shukrani zake siku hizi zinaniingia kama mwiba wa samaki, na sasa akijua, akijua kwamba mkwewe amemwonyesha mzee trei ya mbwa akasema hii hii ndiyo ya mama, na si hilo tu, kwamba jina la baba yake, mtu aliyezikwa kwa heshima zote, jina la mwanawe wa kwanza, limevishwa mbwa ng'ambo huku kwa ajili ya nyama ya bei rahisi, simu itapigwa kabla supu haijachemka, na nyumbani hakuna atakayesema alikuwa na shida, watasema alimlisha mama mkwe chakula cha mbwa, na watakuwa wamesema kweli.

"Mwambie hajambo," mama ananihimiza, "mbona humjibu mtu, si ametusalimia?", nami nasema ana kazi mama, akimaliza, na kijasho chembamba kinanishuka mgongoni ndani ya koti katika baridi hii, na huyu mama wa mbele hana haraka, anataka soseji, anataka ini la kuku, anataka kujua kuku wenyewe walichinjwa lini, endelea mama, uliza tena, uliza mpaka wafunge duka… nitasema nini, nitasema mzee amechanganya, kuna Babu mwingine, kila mtu hapa anaitwa Babu, au nimwambie mzee kwa haraka kwamba mbwa amekufa, ndiyo, alikufa juzi, halafu atanipa pole, atashika kifua na kuinamisha kichwa hivi wanavyofanya wao, na mama ataiona ile pole, atasikia Babu, atamwona mtu anahuzunika kwa Babu, na ataanguka hapa hapa kwenye sakafu ya vigae, nimeshamgeuza mume wangu mbwa sasa nataka na kumzika, mimi nimekuwa mtu gani, na nikimwua mbwa nyama nayo basi, wiki ijayo nanyoosha kidole kwa ajili ya nani, wakati kifua cha mama kimeanza kutulia, usiku hakohoi tena, mtoto amezoea kuchovya mkate kwenye ule mchuzi, ukweli una gharama na uongo una gharama na mimi sina cha kulipia chochote.

Na huyu mama wa mbele anasema, na ya mbwa. Nimesikia vizuri, na ya mbwa tafadhali, kama kawaida, sasa atainama kwenye trei ya chini, atachukua shingo, na mama ataona mambo yote kwa macho yake bila kuhitaji lugha… lakini mzee hainami. Anavuta ndoo kwa mguu, ndoo nyeusi iliyokuwa nyuma yake chini ya gogo, sijawahi kuiona, anachota kwa kijiko kikubwa, makapi, ngozi, mishipa, kipande cha koo, bonge la mfupa limetoka vilevile na vumbi la msumeno, anabwaga kwenye mfuko wa plastiki, hapimi, anafunga fundo, anaupitisha juu ya kioo, haya, na nje mbwa ameshaanza kupiga mkia kwenye bomba… basi hiyo ndiyo nyama ya mbwa. Hiyo. Na ya kwangu, mbona ya kwangu yeye huosha mikono kwanza, huichagua, huigeuza, huikata ile shingo pete kwa pete, vipande vya kuingia sufuriani bila kuambiwa, hupasua kidari katikati ya mbavu, hupangusa unga wa mfupa kwa kitambaa, huweka karatasi nyeupe na juu yake karatasi nyingine, na kamba, na siku moja akanipa ikiwa imefungwa hivyo akasema moto mdogo, usiiharakishe, na mimi nikaondoka nikiwaza watu hawa kweli wanapenda mbwa, mtu anayemvisha mbwa koti atashindwaje kumpikia, nikacheka peke yangu kwenye basi, mjinga mimi, mtu mzima mjinga, na kifurushi kimepakatwa mapajani.

Alijua. Labda tangu niliposema yuko kazini usiku, labda tangu siku ya kwanza, alimwona na mwanamke wa mkoba nyuma yangu, akaniona nilivyojibu, na muda wote huu amekuwa akinisitiri, ameushika uongo wangu upande wake na mimi upande wangu, tunaukunja pamoja kila wiki, na hajambo yake alikuwa anaituma mahali hasa inakokwenda, kwa mtu… na aibu, nilidhani aibu ingeondoka nikijua hivyo, haijaondoka, imehama tu chumba, kwa sababu hofu yote hii ilikuwa ya kukamatwa, na kumbe nilishakamatwa zamani na hakuna kilichotokea, kilichobaki ni nilichofanya, nilimfanya mume wangu mbwa ili mwanamke ambaye hanijui, ambaye sijamwona tena tangu siku ile, asinione maskini, na supu haikuwa na kosa, ni nyama nzuri, mama anaijua nyama, aliisifu kwa haki, ni mimi niliyemwekea mbele chakula kizuri kisha nikakionea haya mbele yake.

Mlango umefungwa nyuma ya yule mama na mbwa wake, baridi imeingia na kutoka, tumebaki sisi mbele ya kioo, na mzee ananawa mikono, anaipangusa kwenye aproni, ananitazama, na kwa ile sauti yake isiyojua kunong'ona anauliza tena, "Babu hajambo?", na mama hasubiri nimtafsirie, amesogea hadi tumbo limegusa kioo, mkono kifuani, anamwambia yeye moja kwa moja, kwa Kiswahili, kama vile masikio ya watu wote ni mamoja, "Hajambo, baba. Anakula. Mimi ndiye mama yake, nimekuja mwenyewe nikushukuru," kisha ananigeukia, mwambie mwanangu, mwambie vilevile nilivyosema, usipunguze, na mzee amesimama anangoja, hana haraka, anamtazama mama, ananitazama mimi, na maneno nayajua, ni machache, ni yale ya mwanzo mwanzo, na naanza, anasema hajambo, anasema anakula, na huyu… uso unaniwaka hadi masikioni, sijui naanzia wapi kumtazama, namtazama mikono… huyu ndiye mama yake.