Kiti Kitupu Upande wa Pili

Krr, krr, krr. Kucha zilikuwa zikikwaruza ngozi gizani. Mbunge alinyoosha mkono kitandani bila kufumbua macho, akaushika mkono mdogo wenye joto kama mkate uliotoka jikoni.

Akanong'ona kwamba akijikuna yatabaki makovu. Binti yake akaahidi hatajikuna tena. Punde tu, krr.

Kulipopambazuka tetekuwanga ilikuwa imemjaa mtoto hadi kwenye kope. Baba yake alikuwa safarini na lori. Shangazi, ambaye ndiye humwangalia mtoto siku za vikao, alikuwa mjamzito, na ugonjwa huo ni hatari kwa mimba. Aliweka chupa ya dawa mlangoni, akarudi kinyumenyume kama anayeagana na mfalme.

Na siku ya kura ndiyo hiyo. Muswada wa vyumba vya kulelea watoto masokoni, ambao mbunge aliupigania tangu aingie bungeni, ulikuwa unaamuliwa alasiri. Chama chake kiliwazidi wapinzani kwa kidogo mno, na ndani yake kulikuwa na mwenzao mmoja aliyesitasita. Kiti cha mbunge mwenyewe nacho kikikosa mtu, muswada ungeweza kwenda na maji.

Alimpigia mnadhimu wa chama, yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha wenzake wote wamo ukumbini wakati wa kura. Alitarajia kufokewa. Mnadhimu akamwambia atulie na mwanawe. Kulikuwa na desturi baina ya vyama, isiyoandikwa popote: wa upande huu akipata dharura, mmoja wa upande wa pili naye anabaki nje, mizani isiyumbe. Baadaye akapiga tena kusema mtu amepatikana. Ni Msumari.

Mbunge akakaa chini. Mzee huyo wa upinzani alipewa jina hilo kwa sababu maneno yake yakiingia hayatoki. Juzijuzi tu aliuchambua muswada kipengele kwa kipengele, akauliza kama sasa serikali inataka kunyonyesha. Bunge zima lilicheka, na mbunge mwenyewe alicheka kidogo, kwa uchungu.

"Kaka, huyo atanizika."

"Ametoa neno, dada. Tukianza kuvunjiana maneno, humo ndani hapatakalika."

Alasiri wakakaa mbele ya televisheni, mtoto kapakwa dawa nyeupe mpaka akafanana na ukuta wa chokaa. Aliuliza kile kiti kitupu upande wa pili ni cha nani. Mama akamweleza kuwa ni cha babu mmoja asiyeupenda muswada wao, lakini ameahidi kukaa nje.

"Na akiingia?"

"Tutashindwa."

Mtoto akafikiri, akaisukuma mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Majina yakaanza kuitwa. Yule aliyesitasita akasimama, akasema hapana. Upande wa wapinzani ukachangamka. Vichwa vikageukia mlango, na kijana wao mmoja akatoka mbio. Mbunge alijua anakwenda kumwita nani. Kura moja zaidi ingeleta sare, na sare ingeuangusha muswada. Akaushika ukingo wa kochi.

Kijana akarudi peke yake, akitikisa kichwa. Muswada ukapita.

Muda si mrefu simu ikalia. Ilikuwa namba asiyoijua, lakini sauti aliijua. Akaamkia shikamoo.

"Marahaba. Muswada wako bado mbovu, binti. Tukishika serikali tunaufuta. Mtoto anaendeleaje?"

Akajibu kwamba homa imeshuka. Kisha akamuuliza mzee kama wenzake wamemnunia. Mzee akasema wamemnunia sana, wamemwacha anakunywa chai peke yake, ila watapoa.

"Kesho nikiugua mimi, nani atanibakia nje?"

"Mimi, mzee."

"Haya basi. Jumatatu jiandae, nakuja na maswali."

Alipokata simu alikuwa anatabasamu huku macho yamemlowa. Binti yake alimtazama, kisha akaichomoa mikono iliyokuwa imekufa ganzi, akamwonyesha viganja.

"Mama, mimi sijajikuna."