Thumuni ya Biasha

Mzee Abdulwahab alipofariki, shamba lake la mikorosho mia mbili nje kidogo ya Mchinga lilibaki kwa watu wawili: Biasha, mjane wake, na Yassini, mwanawe wa pekee aliyezaliwa na mke wa kwanza. Biasha ndiye aliyemlea Yassini tangu akiwa na miaka sita. Sasa Yassini, mtu mzima mwenye ndevu, akasimamia mgawo. Alisema fungu la mjane ni thumuni, moja ya nane, yaani asilimia nane. Akamhesabia mikorosho kumi na sita, na Biasha akatia saini.

Eda ilipokwisha, jirani yake, mwalimu Joyce, alimfanyia hesabu nyuma ya kalenda. Moja ukiigawa kwa nane unapata sifuri nukta moja mbili tano. Katika mia, hiyo ni kumi na mbili na nusu. Kwa miti mia mbili ni ishirini na tano. Kwa hiyo tisa ilikuwa kwa Yassini.

Biasha akamfuata, akamkuta kibarazani na wenzake. Yassini alimsikiliza, kisha akasema nane ni nane, hata mwalimu haigeuzi.

"Mama, tamaa imekuanza uzeeni," alisema, na wenzake wakacheka.

Tangu siku hiyo Biasha aliitikia shikamoo zake, akampelekea futari mwezi wa Ramadhani, na akamvizia.

Mikorosho ilipoanza kutoa maua, Yassini alinunua dumu la dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyapaka maua weupe. Maandishi yalikuwa madogo mno kwa macho yake. Akamwomba Biasha amsomee kipimo. Biasha alikisoma kimoyomoyo mara mbili: asilimia 0.5. Nusu ya moja katika mia. Kikombe kimoja cha dawa kwa vikombe mia mbili vya mchanganyiko.

"Nusu," alisema.

"Nusu kwa nusu na maji?"

Biasha akamrudishia dumu. "Kilichoandikwa ni nusu."

Dawa ilitosha mikorosho kumi na minne tu. Biasha alisimama upande wake wa mpaka akiihesabu mmoja mmoja. Wiki haikwisha, majani yakawa kahawia na maua yakapukutika kama yaliyopitiwa na moto. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, alilala usingizi wa kutosha.

Bwana shamba, Nurdin, alipokuja kukagua, alisoma dumu akatikisa kichwa. Akamweleza Yassini kwamba asilimia ni ngapi katika kila mia, na kwamba nusu asilimia si nusu. Yassini aliomba kalamu. Aliandika kwenye kiganja, akafuta kwa mate, akaandika tena. Kisha akamgeukia Biasha.

"Mama, kumbe nimekudhulumu miti tisa. Wallahi sikujua."

Kwa miezi kumi Biasha alikuwa amejiandalia maneno ya kumtupia mwizi. Sasa hakuwa na wa kumtupia. Yassini aliomba radhi pia kwa kile kicheko, akaenda kupaka rangi mikorosho tisa mizima iliyopakana na ya Biasha, alama kwamba sasa ni yake Biasha. Kuhusu dumu, alisema tu kwamba maandishi yale yangemchanganya yeyote.

Biasha hakumsahihisha. Msimu ule aliokota korosho za miti ishirini na tano. Kila alipopita kwenye ile kumi na minne iliyoungua, alijitafutia majuto, na alichokikuta kila mara ni hasira kwamba Yassini hakuwa mwizi.