Kimya cha Watoto wa Mama Ndoo

Kazini walimwita Mama Ndoo kwa sababu ndoo yake hailali ofisini. Ukiiacha kule, kesho unaikuta kwa mwenzio, na huna la kusema. Aliosha sakafu za jengo la maofisi, na wanawe wawili, Bi Mkubwa wa miaka sita na Kibonge wa minne, walishinda stoo ya mafagio, mlango umerudishwa.

Usimhukumu haraka. Jirani aliyekuwa akimshikia watoto alihama, na mtoto si kanga umkunje umtie kabatini. Basi akawafundisha: mkisikia viatu, jificheni, mkiitwa, msiitike. "Hata nikiita mimi, msitoke. Huenda nimebanwa na mkubwa. Tokeni nikigonga ndoo mara mbili." Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo tunavyoambiwa, naye alimkunja kwelikweli.

Siku moja msimamizi akaokota kandambili ya Kibonge. Hakufoka. Aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akasema, "Nikimwona mwenye hii hapa, mama, mtaondoka wote na msirudi."

Ndipo aliposikia maktaba mpya ya mtaa imefunguliwa, ina chumba cha watoto, bure, tangu asubuhi hadi jioni. Bure! Neno tamu hilo kwa mtu aliyekwama.

Asubuhi iliyofuata aliwapeleka. Kuta zilinuka rangi mbichi. Viti vilikuwa vidogo, saizi yao kabisa, na Kibonge alipofunua kitabu akaona mbuzi aliyevaa miwani, alimtazama mama kwanza, kuomba ruhusa ya kucheka.

"Cheka, baba," alimwambia.

"Unakaa nao?" mkutubi akauliza. Binti mpole, kitambulisho kipya shingoni.

"Nachomoka kidogo tu, dadangu. Hawana fujo hawa. Hutawasikia."

Alisema kwa fahari, maskini.

Alideki asubuhi nzima moyo mweupe, hata akaimba kwenye ngazi. Wenzake walipokwenda kula, alibeba ndoo yake akakimbilia maktaba. Mkutubi alikuwa mlangoni, macho mekundu.

"Mama, watoto wametoka! Mlinzi alipita kukagua madirisha, nami nilitoka kidogo, kurudi nikakuta viti vitupu. Nimewatafuta hadi chooni. Nimewaita hadi sauti imenikauka. Mlinzi kaenda barabarani."

Barabarani, kwenye malori! Mama Ndoo aliingia akipiga kelele. "Bi Mkubwa! Kibonge! Wanangu jamani!" Kimya. Akachungulia chini ya viti.

Ndipo akaikumbuka ndoo mkononi mwake. Mlinzi. Viatu. Akamtazama mkutubi, akitamani atoke japo dakika moja tu, lakini binti wa watu alisimama palepale analia. Ikabidi. Akagonga ndoo: ko, ko.

Vitabu vya rafu ya chini vikasogea. Bi Mkubwa akatambaa nje, nyuma yake Kibonge, suruali imelowa chapachapa.

Mkutubi aliitazama ndoo, akawatazama watoto. Laiti angefoka!

"Nimepita hapa nawaita, nalia," akasema taratibu. "Walikuwa wananisikia?"

"Wamezoea," Mama Ndoo akajibu, na hilo hakuweza kulimeza tena.

"Moto ukiwaka je, dada? Siwezi kulinda watoto wasioitika. Njoo nao, lakini ukae nao."

Akae nao! Mkate utoke wapi? Mama Ndoo alipiga magoti mbele ya wanawe. "Sikilizeni. Hapa mkiitwa, muitike. Sawa? Mwite, dadangu. Mjaribu tu, tafadhali."

Mkutubi akainama, akaita kwa upole kama anayembembeleza mgonjwa. "Kibonge."

Mtoto aliingiza kidole gumba kinywani, akaitazama ndoo, akangoja.

"Kibonge, baba, itika," mama akasihi. "Mama anakuomba."

Hakuitika. Haya, samaki amekunjwa, nani atamkunjua?

Walitoka. Saa ya kula ilikuwa inakwisha, na njia aliyokuwa nayo ilikuwa moja, ya kurudi stoo. Bi Mkubwa alirukaruka pembeni yake, ameshika ukingo wa ndoo.

"Mama, tumeweza, eti? Kaita, kaita, hakutuona!"

"Mmeweza, mwanangu," Mama Ndoo akasema, akamfuta mdogo wake makamasi. "Sasa tukifika kule, mfanye hivyohivyo."