Jani Moja Tu

Jumatatu moja ya mwaka 1986, kule Nyakakika, Joviana alimaliza kumenya ndizi za mchana akamtuma binti yake Adventina akakate majani ya kufunikia chungu. Mtoto alikawia. Alipoitwa mara ya tatu alikuja na majani mawili na mwiba wa mchungwa.

"Mwiba wa nini?"

"Ulinichoma, mama."

Watoto wa huko wote huandika kwa mwiba kwenye jani la mgomba. Ukiandika asubuhi, huoni kitu. Mchana herufi zinakuwa nyeusi, na kila apitaye anasoma. Mara nyingi ni majina tu. Siku hiyo, kando ya njia ya shule, jani moja lilisomeka: MAMA YAKE ANONCIATA ANATIA SUMU KWENYE RUBISI. Mwandishi hakuweka jina.

Anonciata alikuwa wa kwanza darasa la sita. Adventina alikuwa wa pili.

Jumanne maneno yalikuwa kwenye migomba yote ya upande ule. Jumatano yalivuka njia. Kufikia Jumapili yalikuwa kijiji kizima, hata kwenye majani machanga yaliyojiviringa bado katikati ya mgomba. Yalifunguka taratibu alfajiri, yakiwa na umande, na maandishi yameshaiva ndani. Watu walivua kofia wakatazama, kama wanavyotazama mvua ikishuka mlimani. Maelfu ya majani, na hapakuwa na herufi iliyopinda.

"Mwaka huu migomba inasema," alisema Mzee Placidius, akaendelea kupogoa.

Hakuna aliyeuliza nani kaandika. Waliulizana kama ni kweli.

Mukabera, mama yake Anonciata, aliletwa kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake, na rubisi, pombe ya ndizi aliyopika, ndiyo iliyowalisha wanawe. Kwa desturi, mwenye pombe huonja kwanza, ndipo mgeni apokee kibuyu. Jumapili hiyo baada ya misa alionja, akampa Placidius. Mzee akainua macho. Juu yake jani lilikuwa linapepea.

"Hebu onja tena, Mama Anonciata."

Akaonja.

"Tena kidogo. Si unajua watu."

Akaonja mpaka kibuyu kikaisha. Wageni wakaondoka na kiu yao.

Joviana alikuwapo. Ile A yenye mguu mmoja mrefu alikuwa ameitambua tangu Jumatatu. Yeye mwenyewe, aliyeishia darasa la nne, ndiye aliyemfundisha mtoto kuiandika hivyo, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jiko.

"Ni wewe," alisema walipofika nyumbani.

"Mimi niliandika jani moja tu, mama! Nilikuwa natania. Hayo mengine si yangu."

Joviana alifikiria kumpeleka kwa mwalimu mkuu. Akafikiria pia kwamba mtoto angefukuzwa, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa mwakani. Basi akamwambia aandike SI KWELI, asiweke jina. Adventina aliandika kwenye majani mia mbili, mpaka vidole vikachubuka. Hayo hayakuenea. Kila neno lilibaki kwenye jani lake, likakauka nalo wakati wa kiangazi, likaanguka.

Mukabera alikuja kuaga. Walikuwa wanahamia Nkwenda, na Anonciata alisimama nyuma yake na godoro kichwani.

"Mama Adventina, mimi kusoma sijui. Wewe umesoma. Huu mwandiko ni wa nani?"

Joviana alitazama mgomba uliokuwa mlangoni pake.

"Herufi zote zinafanana, mama," alisema.

"Haya. Mbaki salama."

Walioshuka kutoka Nkwenda mwezi uliofuata walisema migomba ya huko ilikuwa imeshaandikwa kabla Mukabera hajafika.

Mwaka uliofuata Adventina alikuwa wa kwanza. Mama mwenye mtoto anayejua kuandika na amkague mikono mapema, maana Joviana bado anakata majani kila mchana na kufunika chungu. Akifunua, mvuke unapanda, na ndizi zinatoka na maneno yale, meusi, yanasomeka vizuri.

"Mama, mbona huli?" Adventina huuliza.

Joviana hunawa, akala.