Orodha ya Walio Shimoni

Kompyuta ikikaa kimya, usidhani imemaliza kazi. Mariana alidhani hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiiangalia kompyuta kubwa ya mgodi mmoja huko Geita, ile inayohudumia ofisi zote kwa pamoja. Humo kazi hupanga foleni, kila moja na namba yake, na yenye namba ndogo hutangulia.

Siku hiyo bosi alitaka ripoti yake upesi. Mariana akazisimamisha kazi nyingine zote ili ripoti ipite, kisha akaenda kunywa chai, akasahau kuziachilia. Aliporudi akaikuta kompyuta kimya, akadhani imemaliza. Kazi iliyosimamishwa hailalamiki, inangoja tu.

Saa tisa alasiri Pantaleo, mlipuaji wa baruti, akapiga simu.

"Dada, huko ofisini mmelala? Orodha ya walio shimoni haijatoka. Ina maana hakuna mtu, nilipue?"

"Usiguse kitu!"

Mariana akakimbia, akaiachilia orodha, iliyokuwa kati ya kazi alizozisimamisha. Ikatoka na jina moja: Sostenes. Walipomwita kwa redio akapanda akinung'unika, eti wanamharakisha.

"Nung'unika tu, kaka," Pantaleo akamwambia, "mdomo bado unao."

Mariana hakucheka. Tangu hapo, akisimamisha kazi haondoki kitini mpaka aiachilie, chai ipoe isipoe.